Fomu Yangu Imeingia?

"Tovuti yetu ipo kwenye matengenezo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Nilikabidhiwa maneno hayo wiki yangu ya kwanza kazini, nikaambiwa niangalie kama Kiswahili chake kimekaa sawa. Kilikuwa kimekaa sawa. Ngeli zilikuwa mahali pake, tahajia haikuwa na kasoro, adabu ilikuwepo. Kampuni iliendesha tovuti ambayo wahitimu wa sekondari hujazia maombi ya kujiunga na vyuo, nami niliajiriwa kuwa mhariri wa lugha, nikitokea redioni.

Redioni nilisoma matangazo ya vifo kwa miaka mingi. Wasikilizaji wa zamani wanayakumbuka: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mjomba wake kilichotokea hospitali fulani, mazishi yatafanyika kesho saa kumi alasiri huko kijijini, habari ziwafikie, kisha yanafuata majina, moja baada ya jingine, na mahali kila mmoja alipo. Tangazo lilikuwa fupi, lakini aliyetajwa hakubaki akijiuliza aende wapi na lini. Mtu wa Songea aliyesikia jina lake alijua palepale kama anawahi basi la alfajiri, au amekwisha kuchelewa na ajipange kwa arobaini. Kwa masikio hayo nilisoma tangazo la tovuti mara ya pili, nikaona kwamba halimpi mtu chochote cha kushika. Halisemi matengenezo yameanza lini wala yatakwisha lini. Halisemi vitu vya mtu alivyoviacha ndani viko katika hali gani. Halisemi afanye nini sasa.

Nilipoyasema hayo kikaoni, fundi wetu mkuu wa mifumo alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza swali la haki kabisa: mtumiaji anataka kujua nini hasa? Sikuwa na jibu la uhakika. Niliomba ruhusa nikakae steshenari wakati wa dirisha la maombi, nikaangalie.

Kwa wasiojua, maombi mengi ya chuo nchini mwetu hayajazwi nyumbani kwenye kompyuta ya baba. Hujazwa steshenari, kwenye chumba chenye mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na kijana anayejua njia zote za tovuti za serikali na za vyuo. Mwombaji anakuja na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, anakaa kwenye benchi, anasubiri zamu. Niliyochagua mimi ilikuwa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu, mahali ambapo magari ya wilayani yanashusha watu asubuhi na kuwachukua jioni.

Mchana mmoja alikuwepo binti aliyetoka Turiani. Alikuwa amejaza karibu fomu yote, amelipa ada ya maombi kwa simu, kijana wa steshenari akabonyeza kitufe cha kutuma. Kioo kikageuka cheupe, yakatokea maneno yetu. Matengenezo. Radhi. Usumbufu.

"Mtandao uko chini, mdogo wangu," kijana akamwambia.

"Mpaka saa ngapi, kaka?"

"Hawajasema."

Binti akaangalia kioo, akaangalia simu yake, akanigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa mtu mzima pekee mle ndani. "Shikamoo mama. Eti, fomu yangu imeingia?"

Nimefanya kazi ya maneno muda mrefu, na sijapata kusikia jambo likielezwa kwa usahihi kuliko hapo. Hakuuliza kilichoharibika. Hakuuliza kama kuna mtu anaomba radhi. Aliuliza juu ya kilicho chake. Na nyuma ya swali hilo yalikuwepo mengine aliyoyataja baadaye, moja moja, kwa sauti ya chini: pesa imekwenda wapi, gari la mwisho la Turiani linaondoka jioni, hana ndugu Morogoro wa kumlaza, dirisha linafungwa kesho. Alikuwa anatakiwa kuamua, ndani ya saa chache, aondoke au abaki, na kila alichohitaji ili aamue kilikuwa mikononi mwetu.

Nikatoka nje, nikapiga simu ofisini. Jibu lilipatikana haraka. Kila hatua ya fomu ilikuwa inahifadhiwa yenyewe, kwa hiyo alichojaza kipo. Malipo yanapokewa na mfumo mwingine ambao haukufungwa. Huduma itarudi kabla ya magharibi. Vijana wote wa mifumo walilijua hilo. Lilikuwa limeandikwa tangu asubuhi kwenye kundi lao la WhatsApp, kwa ufasaha. Nikarudi ndani, nikamweleza. Akafunga bahasha yake, akaenda kula, akarudi alasiri, akatuma fomu, akawahi gari. Wengine waliokuwa steshenari nyingine za mji huo, na za Kigoma na Mtwara, hawakuwa na mtu wa kutoka nje kupiga simu.

Tangu siku hiyo, kila ninapopewa tangazo la kufunga huduma, sentensi ya kwanza baada ya saa na tarehe inahusu mali ya mtumiaji. "Fomu uliyokwisha kuihifadhi ipo salama." Au, ikiwa ndivyo ilivyo: "Fomu ambayo hukuihifadhi kabla ya saa 4 usiku utalazimika kuijaza upya." Habari mbaya ikisemwa waziwazi humwokoa mtu na usiku wa kubahatisha. Na kila mara ninapoomba sentensi hiyo, mafundi hulazimika kwenda kuangalia kama ni kweli. Mara nyingine huwa si kweli, na wanabadilisha utaratibu: wanazuia waombaji wapya kuingia saa nzima kabla ya kufunga, wanawaacha walio ndani wamalize, na onyo linajitokeza juu ya fomu yenyewe badala ya kusubiri mtu abonyeze "tuma" ndipo aukute mlango umefungwa. Siku nyingi nilidhani kazi yangu ni kuandika kinachotokea. Nimeona kwamba ukiulizia maneno ya kweli, kinachotokea nacho hubadilika.

Pesa inahitaji maneno yake. Mtu aliyelipa asione risiti atalipa tena. Atabonyeza mara ya pili na ya tatu kwa hofu, na kurudishiwa pesa iliyolipwa mara mbili ni safari ndefu. Kwa hiyo tunaandika: "Kama umelipa na hujapata risiti, usilipe tena. Malipo yako yataonekana huduma itakaporudi." Tena kuna matapeli. Nchi nzima inaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na siku ya hitilafu ndiyo siku yao ya mavuno, maana watu wamechanganyikiwa na wanatafuta wa kuwasaidia. Tangazo letu la kwanza lisilosema lolote liliwaachia uwanja. Sasa lina mstari usiokosekana: hatutakupigia kukuomba namba ya siri, wala hatupokei malipo kwa namba ya mtu binafsi.

Kisha kuna suala la saa, ambalo nimelipigania kuliko mengine yote.

Programu nyingi za kutangaza matengenezo zimetengenezwa mbali, na zinaandika muda kwa namna yake: 02:00, 08:00, 12:00 AM. Ukitafsiri sentensi na kuiacha namba kama ilivyo, umempotosha Mswahili kwa lugha yake mwenyewe. Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja ni asubuhi, saa sita ni mchana. Nimeona tangazo lililoandikwa "Huduma itarejea saa 08:00". Waliozoea saa za ofisini na za simu walielewa saa mbili asubuhi, wakaja. Wengine walisoma namba kama inavyosomeka, saa nane, wakajipanga kuja mchana, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa sita mchana. Wote walisoma tangazo lilelile, na wote walilisoma sawasawa.

Dawa ni rahisi: andika saa kama watu wanavyoitamka, na uongeze sehemu ya siku. Saa 2 asubuhi. Saa 8 mchana. Saa 4 usiku. Usiandike saa sita bila kusema ya mchana au ya usiku. Usiku ndio wenye mtego zaidi, kwa sababu matengenezo mengi hufanyika usiku. Niliwahi kuandika rasimu isemayo "usiku wa Jumamosi", na mwenzetu mmoja mzaliwa wa Unguja akanizuia. Kwa wazee wake, siku mpya huingia magharibi. Usiku wa Jumamosi ni ule unaoitangulia Jumamosi, ambao mtu wa Dodoma angeuita Ijumaa usiku. Magazeti yetu yalikwisha kulitatua zamani kwa maneno mazuri sana: usiku wa kuamkia Jumapili. Hapo hakuna wa kukosea, awe wa Makunduchi au wa Mpwapwa. Sasa tunaandika hivi: "Kuanzia saa 4 usiku Jumamosi hadi saa 12 asubuhi Jumapili (usiku wa kuamkia Jumapili), kwa saa za Afrika Mashariki." Maneno ya mwisho ni kwa ajili ya wazazi walioko mbali wanaowalipia watoto ada, aliyeko Muscat yuko saa moja mbele yetu.

Fundi mkuu naye alinifundisha mengi, na kwa mambo mawili namshukuru mpaka leo. La kwanza ni kwamba tangazo lina msomaji mwingine asiyeonekana. Kila ukurasa unapofunguliwa, seva hutanguliza namba ambayo mtu haioni lakini mashine inaisoma. 200 maana yake mambo ni sawa. 404 maana yake ukurasa huo haupo. 503 maana yake huduma haipatikani kwa sasa, na seva inaweza kuongeza kidokezo cha muda wa kurudi. Tangazo la matengenezo likitolewa kwa namba 200, mashine za Google hudhani hayo maneno ya kuomba radhi ndiyo tovuti yenyewe, zikayahifadhi badala ya maelezo ya vyuo. Likitolewa kwa 503, zinaelewa kwamba zirudi baadaye. Vilevile aliagiza ukurasa huo usihifadhiwe kwenye vivinjari, kwa sababu tuliona watu wakiendelea kusoma "tumefunga" huku sisi tumefungua tangu alfajiri.

La pili ni mahali pa kuliweka tangazo. Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya Amazon iitwayo S3 ilianguka katika kituo chao cha Virginia, baada ya amri iliyoingizwa vibaya kuondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Amazon walikuwa na ukurasa maalumu wa kuonyesha hali ya huduma zao, lakini uendeshaji wa ukurasa huo ulitegemea S3 hiyohiyo. Kwa takribani saa mbili walishindwa kuubadilisha, alama zikabaki za kijani wakati tovuti nyingi duniani zimezimika, ikabidi watumie Twitter kuwaambia watu ukweli. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa zamu ya Facebook: amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa ndani, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikatoweka kwa saa zipatazo sita. Nao wakaenda kuzungumza Twitter, kwa mshindani. Fundi aliyatumia matukio hayo mawili kuushawishi uongozi ulipie seva nyingine ndogo, ya kampuni nyingine, isiyo na kazi ila kubeba tangazo letu.

Kwa wasio na intaneti ya uhakika tukaongeza SMS. Hapa kuna jambo dogo ambalo mhariri wa Kiswahili anapaswa kulijua. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, na Kiswahili, kisicho na alama juu ya herufi, hukaa humo bila taabu. Lakini andika neno kama ng'ambo kwenye programu ya ofisini, nayo itaipinda ile koma ya juu iwe ya kuchapia vitabu. Alama hiyo iliyopinda haimo katika herufi za msingi za simu, na kwa sababu yake peke yake ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo mwingine wa herufi, ambamo nafasi ni 70 tu. SMS yetu moja ikawa vipande vitatu, na gharama ikawa ya vitatu, kwa waombaji wote. Koma iliyonyooka haina shida hiyo.

Kuhusu ukweli, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona mkali. Naona kwamba asiyejua huduma itarudi lini aseme hajui, kisha ataje saa atakayosema tena. "Hatujajua itarudi lini. Tutatoa taarifa nyingine saa 9 alasiri, hata kama hakuna kilichobadilika." Na saa 9 ikifika, aseme. Katika benki ya TSB ya Uingereza, mwezi Aprili 2018, kuhamisha data kwenda mfumo mpya kuliwafungia nje wateja waliofikia milioni 1.9, siku chache baadaye mkurugenzi wake akatangaza kwamba huduma zimerudi, huku wateja wengi bado hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Mteja aliyesoma hayo akiwa amesimama kaunta hana kadi inayofanya kazi, atawaamini tena kwa lipi? Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65 kwa sababu ya uhamishaji ule. Mfano ninaoupenda ni wa GitLab. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta kanzidata kwenye seva isiyokusudiwa, na njia zao za kuhifadhi nakala zikaonekana kuwa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Waliweka maelezo ya kila hatua hadharani wakati kazi inaendelea, wakarusha juhudi za kurejesha data moja kwa moja YouTube, na wakasema bila kuzunguka kwamba data ya saa zipatazo sita imepotea. Watu waliopoteza kazi yao waliumia, lakini walijua wamepoteza nini.

Hata hitilafu isiyo yako inakudai neno. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Mtaani kwangu niliona watu wakizima na kuwasha simu, na jirani mmoja akanunua kifurushi kipya akidhani cha kwanza kimekwisha. Nikawasha kompyuta nikaandika: "Tatizo la intaneti leo limetokana na kukatika kwa nyaya za baharini. Si simu yako, na fomu yako haijapotea. Huna haja ya kununua kifurushi kingine ili kujaribu." Tukaituma kwa SMS. Mtu mmoja ofisini aliuliza kwa nini tujibebeshe la wenzetu. Nilimjibu kwamba mwombaji aliye Nachingwea haoni bahari wala nyaya; anaiona tovuti yetu haifunguki.

Kilichobaki kuwa kigumu hakimo kwenye lugha. Nikirudi kwa yule binti wa Turiani: hata angeambiwa kila kitu, swali la dirisha linalofungwa kesho lisingejibiwa na mhariri wala na fundi. Ni uamuzi wa wakubwa, na wakubwa hawapatikani saa nane usiku mfumo unapoanguka. Kwa msimu mzima nilikuwa nikiomba sentensi moja nikiambiwa kwamba bado inajadiliwa, na wakati inajadiliwa watu wanalala stendi. Hatimaye nilibadilisha namna ya kuomba. Kabla dirisha halijafunguliwa, wakati bado hakuna lililoharibika, nilipeleka kwa uongozi tangazo kamili la hitilafu ambayo haijatokea, likiwa na nafasi za saa na tarehe, na ndani yake: "Huduma ikikosekana kwa zaidi ya saa tatu, siku ya mwisho ya kutuma maombi itasogezwa kwa siku moja." Nikaomba saini chini yake. Ilichukua vikao, vyuo vikahusishwa, mwanasheria akabadilisha neno moja. Saini ikapatikana.

Sasa karatasi hiyo iko kwa zamu ya usiku. Kijana aliyeko zamu haruhusiwi kubadilisha maneno yake, lakini anaruhusiwa kulituma tangazo lenyewe bila kumpigia mtu simu.